Kanisa na Siasa: Mdomo Uliojaa Hausemi

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

 Ndugu msomaji, tuingie moja kwa moja katika yaliyo moyoni, kwani chelewa chelewa utampata mwana si wako.

Kuna ubishi usiokwisha hapa shuleni. Husikika bwenini baada ya taa kuzimwa, husikika katika midahalo, na hata walimu wetu nimewasikia wakibishana wakinywa chai. Ubishi wenyewe ni huu: imani ya Kikristo na siasa vina uhusiano gani? Wenzetu wa upande mmoja husema kanisa likae kando, ati siasa ni mchezo mchafu na mchungaji akiuingia joho lake litachafuka. Wenzetu wa upande wa pili husema kanisa likinyamaza wanyonge wataumia, kwa hivyo maaskofu na wachungaji sharti wakemee. Kila upande una aya zake za Biblia, na kila upande hupigiwa makofi.

Mimi nawaambia wote kwamba wameanza na swali la pili, la kwanza wakaliruka. Kabla ya kuuliza kama kanisa liseme au linyamaze, tuulize kwanza: kanisa linakula kwa nani? Mdomo uliojaa hausemi, hilo hata mtoto mdogo analijua. Kanisa linaloezekwa mabati na mwanasiasa, linalonunuliwa vyombo vya muziki na mwanasiasa, na ambalo mchungaji wake husafiri kwa gari alilopewa na mwanasiasa, litakemea nini? Litamkemea nani?

Tuanze na Biblia yenyewe. Katika kitabu cha Amosi, sura ya 7, tunasoma juu ya watu wawili waliokutana Betheli. Mmoja ni Amazia, kuhani. Mwingine ni Amosi, aliyetoka Tekoa kwenda kukemea matajiri waliowauza maskini na waliotumia mizani ya hila sokoni. Amazia alikasirika sana. Alimwamuru Amosi aondoke, aende kwao Yuda akale mkate wake huko, kwa sababu Betheli palikuwa mahali patakatifu pa mfalme. Sikilizeni vizuri, wenzangu. Amazia hakusema Amosi ni mwongo, wala hakuuliza kama ni kweli maskini wanauzwa. Hoja yake ilikuwa moja tu: hapa ni kwa mfalme. Hekalu lilikuwa la mfalme, na bila shaka mkate wa kuhani nao ulitoka huko huko.

Naye Amosi alijibu nini? Alijibu kwamba hakuwa nabii wa kazi wala mwana wa nabii, bali alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu. Wengi wetu tukisoma hapo tunadhani ni unyenyekevu tu. Mimi naona ni zaidi ya hapo. Mkuyu tunaujua sisi watu wa Ukambani, humea kando ya mito na matunda yake ni chakula cha mtu asiye na kitu. Amosi alikuwa anamwambia Amazia hivi: mimi nina ng'ombe wangu na nina mikuyu yangu, huwezi kunitisha kwa mkate wa mfalme kwa sababu sijaula. Ndiyo maana aliweza kusema.

Mfano wa pili uko katika 1 Wafalme, sura ya 22. Mfalme Ahabu alitaka kwenda vitani Ramoth-gileadi. Akakusanya manabii kama 400, nao wote kwa sauti moja wakamwambia aende, atashinda. Mmoja tu, Mikaya, alisema ukweli, akatiwa gerezani na kupewa chakula cha taabu. Ahabu akaenda vitani akafa. Mia nne kwa mmoja! Basi mtu asitwambie kwamba wingi wa wahubiri wanaomsifu kiongozi ni dalili ya kwamba Mungu yuko naye.

Sasa tuje kwetu Kenya. Msije mkadhani haya ni mambo ya Israeli ya kale tu.

Mwaka 1986 chama cha KANU, ambacho wakati huo kilikuwa chama pekee kisheria, kiliamua kwamba wagombea wake wateuliwe kwa mlolongo. Yaani badala ya kupiga kura ya siri, mwananchi alisimama foleni nyuma ya mgombea au wakala wake, mchana kweupe, chifu akimwona, mwajiri akimwona, jirani akimwona. Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilipinga jambo hilo mwezi Agosti mwaka huo huo. Sababu yao ilikuwa rahisi. Mchungaji ana waumini katika kila foleni. Akisimama katika moja amewagawa. Na maskini anayetegemea kibarua cha tajiri, atasimama wapi isipokuwa nyuma ya yule tajiri?

Je, makanisa yote yalisema kwa sauti moja? Hapana. Kanisa la Africa Inland, AIC, lilijitoa katika baraza lile. Hili ni kanisa la nyumbani kwetu, kwa maana wamisionari wake wa kwanza, wakiongozwa na Peter Cameron Scott, walianzia kazi Nzaui, Ukambani, mwaka 1895. Naye Rais Daniel arap Moi alikuwa muumini wake. Sisemi kwamba kanisa lilinunuliwa. Wengi ndani yake waliamini kwa dhati kwamba kumtii mtawala ni kumtii Mungu. Lakini ni vigumu kumkemea mtu mnayekaa naye benchi moja kila Jumapili na ambaye pia ndiye mwenye serikali.

Mlolongo ulitumika mwaka 1988. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya foleni alipita moja kwa moja bila kwenda kwenye kura ya siri. Wazee wetu bado husimulia juu ya foleni fupi zilizotangazwa kuwa ndefu na foleni ndefu zilizotangazwa kuwa fupi. Malalamiko yalikuwa mengi hata KANU yenyewe ikauacha mtindo huo Desemba 1990. Basi ni nani walikuwa wameona mbali? Ni wale wachungaji walioambiwa wanaingilia yasiyowahusu.

Kusema huko kulikuwa na gharama. Askofu David Gitari wa Anglikana alivamiwa nyumbani kwake usiku mwaka 1989, baada ya kupinga unyakuzi wa ardhi na wizi wa kura. Mchungaji Timothy Njoya wa PCEA alishambuliwa kwa maneno makali kwa mahubiri yake ya mwaka mpya wa 1990, alipouliza utawala wa chama kimoja utadumu hadi lini ilhali Ulaya Mashariki umeanguka. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa hadharani na waziri Peter Okondo asikanyage Busia, ati huenda asitoke akiwa hai. Alienda. Tarehe 14 Agosti 1990, akirudi kutoka Busia, aligongana na lori barabarani akafa.

Nasi watu wa Machakos tuna wetu wa kujivunia. Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki alizaliwa Mwala mwaka 1931. Alikuwa Askofu wa Machakos kuanzia 1969, kisha akahamishiwa Nakuru mwaka 1971. Akiwa huko, mapigano ya kikabila yalizuka katika Bonde la Ufa kuanzia mwishoni mwa 1991. Nyumba zilichomwa, watu wakafukuzwa mashambani mwao, wakakimbilia viwanja vya makanisa. Ndingi hakuwauliza wakimbizi hao kabila lao wala dhehebu lao. Aliwapa hifadhi, na akasema waziwazi kwamba mapigano yale hayakuzuka yenyewe, yalikuwa na wenyewe. Mwezi Machi 1992 maaskofu Wakatoliki wa Kenya kwa pamoja walitoa waraka wakiilaumu serikali kwa kuhusika. Mtoto wa Mwala angeweza kusema moyoni, "Haya si ya kwetu Ukambani, mimi nanyamaza." Hakufanya hivyo. Baadaye, mwaka 1997, akawa Askofu Mkuu wa Nairobi, na alifariki dunia Machi 2020 akiwa na umri wa miaka 88.

Lakini nisije nikaonekana nawasifu viongozi wa makanisa tu. Kuna njia nyingine ya kufumbwa mdomo, nayo ni kabila. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi yetu iliwaka moto na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Tarehe 1 Januari 2008 wanawake na watoto waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, waliteketezwa humo humo ndani. Kabla ya hapo, viongozi wa makanisa walikuwa wamegawanyika, huyu akimwombea mgombea wa kwao na yule wa kwao. Mwezi Februari 2008 NCCK ilijitokeza ikawaomba Wakenya msamaha, ikakiri kwamba makanisa yaliegemea upande na kwa hivyo hayakuweza kuukemea uovu. Ningependa kila anayesema "kanisa liunge mkono mtu wetu" aikumbuke siku hiyo. Kanisa likishakuwa la mtu fulani, siku nyumba zinapoungua halina sauti.

Mtu atauliza: haya yote yanahusiana vipi na sisi wa Kalama leo? Yanahusiana sana. Mlolongo umekwisha, chama kimoja kimekwisha, siku hizi hakuna waziri wa kumtisha mchungaji asikanyage Kola wala Muumandu. Siku hizi mchungaji hatishwi, analishwa.

Nyote mnajua jinsi mambo yanavyokwenda. Uchaguzi ukikaribia, magari makubwa huanza kupanda vilima vyetu siku za Jumapili. Mheshimiwa huingia ibada ikiwa katikati, na kwaya hukatiza wimbo. Wazee wa kanisa humpisha kiti cha mbele, na mama mzee aliyekuwa amekaa hapo tangu asubuhi huambiwa asonge. Mheshimiwa hupewa kipaza sauti "asalimie watu kidogo". Kidogo hicho huwa nusu saa, na ndani yake watu wengine hutukanwa. Kisha bahasha hutolewa, makofi hupigwa, na pasta hufunga kwa sala ndefu kuliko ile aliyomwombea mgonjwa. Ni dhehebu gani hapa kwetu linaloweza kusema halijawahi kuona mambo hayo?

Harambee yenyewe si mbaya. Tangu Mzee Jomo Kenyatta alipolitangaza neno hilo kwa taifa mwaka 1963, shule nyingi za Ukambani zilijengwa kwa nguvu hiyo. Ubaya ulianza pale harambee ilipoacha kuwa ya kila mtu kuleta alicho nacho, ikawa ya mtu mmoja kuonyesha alivyo navyo.

Hata wakubwa wenyewe wameliona tatizo hili. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana aliwapiga marufuku wanasiasa kuhutubia kutoka mimbari za kanisa lake. Waje, waketi, waabudu kama watu wengine. Juni 2024 vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, waliwageukia pia wachungaji wakawauliza kwa nini mimbari zimekuwa majukwaa. Julai mwaka huo Rais William Ruto alisema maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Hata hivyo harambee hazikukoma.

Tarehe 14 Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki walitoa taarifa kali kuhusu ahadi zisizotimizwa, ufisadi na kutekwa nyara kwa wananchi. Siku tatu baadaye Rais alihudhuria misa katika kanisa moja la Kayole, Nairobi, akatoa mchango wa mamilioni ya shilingi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza pesa hizo zirudishwe. Watu wengine walimcheka, ati anajifanya. Mimi nilielewa. Ungekuwaje wewe, umkemee mtu Alhamisi, na Jumapili umnyooshee mkono? Ijumaa ifuatayo ungemwambia nini? Miezi michache baadaye, Machi 2025, kanisa jingine huko Roysambu lilipokea shilingi 20 milioni, na Jumapili iliyofuata vijana walikuja karibu na kanisa hilo kuandamana. Waumini wangekuwa wanasali kwa amani kama bahasha ile isingekuja.

Najua mnayo majibu. Acha niyapitie moja moja, maana mdahalo usio na upande wa pili si mdahalo.

La kwanza, mtasema: "Pesa haina jina. Shilingi ya mheshimiwa hununua bati lile lile." Ni kweli, bati ni lile lile. Lakini tujiulize, shilingi ile imetoka wapi? Mshahara wa mbunge tunaujua hauwezi kutoa milioni kila Jumapili. Ikiwa ni pesa ya zahanati iliyokosa dawa au ya barabara isiyopitika wakati wa mvua, basi tumeezeka nyumba ya Mungu kwa mali ya maskini. Halafu tukaombewa baraka. Hiyo ndiyo mizani ya hila aliyoikemea Amosi.

La pili, mtasema: "Yesu mwenyewe alisema ya Kaisari apewe Kaisari, naye Paulo katika Warumi 13 akasema tutii mamlaka." Sawa kabisa. Tulipe kodi, tutii sheria, tuwaombee viongozi. Lakini soma vizuri: ya Kaisari ni ya kumpa Kaisari, na ya Mungu ni ya kumpa Mungu. Mimbari ni ya nani? Mbona hiyo nayo tunampa Kaisari? Na Yohana Mbatizaji alipomwambia Herode kwamba si halali kumchukua mke wa ndugu yake, je, alivunja sheria ya utii? Mtume Paulo hakutwambia tuite giza mwanga kwa sababu limesemwa na mkubwa.

La tatu, mtasema: "Kanisa nalo hukosea likiingia siasa." Naam, hilo silikatai. Mwaka 2010 viongozi wengi wa makanisa waliwaambia Wakenya wakatae Katiba mpya, kwa ajili ya vifungu vya mahakama za Kadhi na uavyaji mimba. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya asilimia 67 waliikubali, na wengi wao walikuwa Wakristo waliokwenda kanisani Jumapili iliyotangulia. Hapo hakuna ajabu. Kanisa lilisema lililoamini, mwananchi akapima mwenyewe, nchi ikaendelea. Kusema kwa imani na kukosolewa ni jambo la heshima. Kusema kwa sababu umelipwa ndiko aibu.

La nne, na hili ndilo gumu zaidi: "Sisi ni maskini. Kiangazi kikija hatuna mahindi. Tukikataa pesa za mheshimiwa, kanisa litajengwa na nani?" Ndugu zangu, jibu la swali hili liko mbele ya macho yetu kila tukifungua dirisha la darasa. Tazama vilima. Yale matuta yaliyopangwa mstari kwa mstari kutoka chini hadi juu yalichimbwa na nani?

Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliandika kwamba Machakos inageuka jangwa, udongo wote unakwenda na mito. Wilaya nzima ilikuwa na watu kama 240,000. Kufikia mwaka 1989 watu walikuwa karibu milioni 1.4, na badala ya jangwa kulikuwa na matuta, miti na mashamba. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1994, na kikasomwa duniani kote. Siri ilikuwa nini? Sehemu kubwa ilikuwa mwethya. Akina mama waliamka alfajiri na majembe, leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule, wakichimba fanya-juu na kuimba. Hakuna aliyesubiri gari kubwa lije na bahasha. Walikuwa maskini kuliko sisi, na walihamisha milima kwa mikono.

Sasa niambieni: watu waliochimba matuta ya Kalama yote watashindwa na kanisa la mabati thelathini? Katika Injili ya Luka, sura ya 21, Yesu aliwatazama matajiri wakitia sadaka zao nyingi, kisha akamsifu mjane aliyetia senti mbili. Tunaihubiri habari hiyo kila mwaka. Lakini mheshimiwa akija, mjane ndiye anayeambiwa asonge kiti. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu wenyewe hakina deni la mtu.

Nitatoa rai yangu kwa ufupi, maana maneno bila vitendo ni kama mawingu ya Kalama mwezi wa Septemba: yanapita tu.

Kwanza, mwanasiasa akija kanisani akaribishwe kwa heshima kama mgeni yeyote. Aketi kwenye benchi, atoe sadaka katika kikapu kile kile kinachopita kwa wote, wala kiasi chake kisitangazwe. Akitaka kuhutubia, soko liko na uwanja uko.

Pili, makanisa yetu yarudi kwenye mwethya. Kama kuna darasa la Shule ya Jumapili la kujenga, waumini wagawane siku, huyu alete mchanga, huyu mawe, huyu siku moja ya kazi. Jengo litachukua miaka mitatu badala ya mmoja, lakini litakuwa letu.

Tatu, hesabu za kanisa zibandikwe ukutani kila mwezi. Kanisa lisilojua sadaka yake ilikwenda wapi halina uso wa kuuliza fedha za basari zilikwenda wapi. Ukitaka kumtoa mwenzako kibanzi, toa boriti jichoni mwako.

Nne, kanisa likishakuwa huru, basi na liseme! Liulize mambo ya haki yanayotuhusu hapa hapa. Mwolyo ukija wakati wa njaa, ni nani aliyeandikwa na ni nani aliyeachwa? Basari imewafikia mayatima au imewafikia jamaa za wakubwa? Mchanga wa mito ya Ukambani unapakiwa kwenye malori usiku, mito inabaki mawe matupu na visima vinakauka. Ni nani anayefaidika? Kuuliza hivyo hakuhitaji kutaja chama wala kumfanyia mtu kampeni. Ni kuuliza tu kama alivyouliza Eliya juu ya shamba la mizabibu la Nabothi.

Tano, na hapa nawageukia wenzangu wa Umoja wa Wakristo wa shule yetu. Kila mara tukitaka kinanda au nauli ya kwenda kongamano, wazo la kwanza huwa, "Tumwite mheshimiwa awe mgeni wa heshima." Naomba tuliache wazo hilo. Tunajifunza tukiwa wadogo kile tutakachofanya tukiwa wakubwa. Msichana anayezoea leo kumpigia makofi mwenye bahasha ndiye kesho atakuwa mweka hazina wa kanisa, na mvulana anayeandika barua ya kuomba ndiye kesho atakuwa pasta. Tuna kipande cha ardhi nyuma ya jiko, tuna maji machafu ya jikoni yanayomwagika bure. Tupande sukuma wiki, tuwauzie walimu na wapishi. Kinanda kikichelewa, ngoma tunazo na makofi tunayo, na Mungu hasikii vibaya.

Wapo watakaosema mimi ni mtoto na haya ni ya wakubwa. Sikatai kwamba mimi ni mwanafunzi. Lakini baadhi yetu tuna vitambulisho tayari au tutavipata karibuni, na tutakuwa wapiga kura kabla hata vyeti vyetu havijakauka wino. Tukiwa kanisani siku hiyo mheshimiwa atakapoingia, tutajulikana tulisoma nini hapa.

Amosi hakuwa na joho wala gari. Alikuwa na mifugo na mikuyu, na kwa hiyo alikuwa na mdomo. Nasi tuna majembe na matuta. Tukila vya kwetu, hata kama ni muthokoi mkavu, tutaweza kusema kweli mbele ya yeyote, na kweli hiyo itasikika kutoka Iiuni hadi Machakos mjini.

Kwa hayo machache naitua kalamu yangu. Anayeniona nimekosea na aniandikie katika toleo lijalo. Karatasi zipo na wino upo. Alamsiki.